Vyungu Tisa vya Ami



Waandalizi wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike habari za maua ya marehemu Ami yetu. Kila tunapokutana Sikukuu huulizwa maswali yale yale: maua yake bado yapo? Ni maua gani hasa? Na sisi tunaweza kupata mbegu? Nimeona bora nijibu mara moja kwa maandishi, kwa sababu jawabu yake ni ndefu, na mlangoni, watu wakiwa wanatafuta viatu vyao, si pahala pa kueleza mambo ya mizizi.

Ami, kama wakubwa mnavyojua, alikuwa kaka mkubwa wa marehemu baba yetu. Alizaliwa Pemba, na ujana wake aliutumia katika vitalu vya mikarafuu. Alifika hapa Portsmouth mwaka 1968, akafanya kazi gatini mpaka akastaafu. Wengi mtamkumbuka kwa bao na kwa uchache wa maneno yake. Walio wadogo watamkumbuka kwa kile kibanda cha kioo nyuma ya nyumba yake, ambacho mtoto hakuruhusiwa kuingia mpaka apige hodi na aitikiwe karibu, kana kwamba mle ndani mnakaa watu.

Waliokaa mle ni siklameni. Mbegu za kwanza alipewa na jirani yake, bibi mmoja wa Kiingereza, ambaye chini ya mti wake kila Septemba yalichomoza maua madogo ya waridi juu ya udongo mtupu, bila ya jani hata moja. Ami aliyaona juu ya ukuta, akauliza, na yule bibi akampa vifuko vitatu vya mbegu katika bahasha. Ndio mwanzo wake.

Watu wengi hapa Uingereza wanaijua siklameni moja tu, ile inayouzwa madukani wakati wa baridi, yenye maua makubwa, ambayo huwekwa karibu na mashine ya joto na baada ya wiki chache hutupwa. Hiyo ni kizazi cha kufugwa cha aina moja iitwayo persicum. Lakini porini zipo aina zaidi ya 20, na nyingi ni ndogo kiasi cha kwamba ukisimama huzioni, yataka uchutame. Makwao ni nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania: Ulaya ya kusini, Uturuki, Shamu, Afrika ya Kaskazini, na upande wa mashariki zinafika mpaka Uajemi. Ua lake limeinama, lakini petali zake tano zimepinduliwa nyuma, mfano wa mwanamke anayekwenda dhidi ya upepo wa kusi na buibui lake likapeperuka.

Waingereza wa zamani waliliita mkate wa nguruwe, kwa sababu nguruwe hufukua viazi vyake wakavila. Waarabu wameliita bakhuri Maryamu, yaani buhuri ya Bibi Maryamu. Ami alipolijua jina hili la pili alifurahi mno. Alisema hiyo ndiyo tofauti ya aliyemtazama nguruwe na aliyelinusa ua.

Nadhani kilichomvuta zaidi ni kwamba kazi yenyewe aliijua. Mbegu ya karafuu haikai, ikikauka imekufa. Kwa hivyo hurowekwa ikiwa mbichi, huvuliwa ganda, hupandwa chini ya kivuli, na mwenye kupanda hungoja miaka sita, saba au zaidi kabla ya kuchuma. Mbegu ya siklameni ni stahimilivu kuliko hiyo, lakini nayo yapenda kupandwa ingali mpya, yapenda kurowekwa, yapenda giza, na mwenye pupa haiwezi.

Aina moja alikuwa na mapenzi nayo makubwa, nayo inaitwa africanum. Makwao ni Aljeria na Tunisia. Ami hakuwahi kufika huko, wala hakuwa na jamaa huko, lakini kila akilitaja jina hilo alilitamka polepole. Alikuwa pia akipenda kutuhadithia kwamba mwaka 1989 wataalamu wawili wa mimea, Mats Thulin na Ahmed Mumin Warfa, walitangaza siklameni mpya kabisa, isiyojulikana kabla yake, iliyopatikana katika milima ya kaskazini mashariki ya Somalia, mbali sana na nduguze wote. Wakaiita somalense. Ami alisema majahazi ya babu zetu yalipita miaka mamia mbele ya pwani ile, yakienda Arabuni na kurudi na pepo za msimu, na juu ya milima ile ua likichanua na hakuna nahodha aliyelijua. Aina hiyo ni adimu sana, si kitu cha mtu kukipata kwa bahasha. Kwa hivyo alitosheka kutafuta africanum, na katika siku zake za mwisho akapata mbegu zake kwa mtu waliyekutana katika mnada wa mimea.

Ami alifariki Februari 2017. Aliacha vyungu tisa vya miche, mingine ya mwaka na zaidi, mingine ndiyo kwanza imechomoza. Kila chungu kilikuwa na kibao cha plastiki chenye nambari iliyoandikwa kwa wino, na jua lilikuwa limekwisha kuzifuta nambari zote. Siku hizi mimi huandika kwa penseli. Penseli haiogopi jua wala mvua.

Lilikuwapo pia daftari lake, lakini lilikuwa la Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa wazee wa zama zake. Mimi herufi hizo nazisoma kwa kusuasua. Mpwa wangu, aliyezaliwa hapa hapa na kusoma chuoni hapa hapa, anazisoma kama maji, lakini Kiswahili chake, tuseme kweli, ni cha kuombea chai. Basi tulikaa Jumapili tatu jikoni kwa Mama Mkubwa, yeye akisoma kwa sauti na mimi nikifahamu. Majina ya Kilatini yaliyoandikwa kwa herufi zile yalitupa tabu na kicheko. Kwa kuwa Kiarabu hakina herufi ya pe, persicum ilikuwa "barsikumu". Graecum ilikuwa "gharaikumu". Coum ilikuwa "kumu", tukadhani ni hesabu ya kumi. Mwishowe tulipata orodha kamili: vyungu vitatu vya coum, viwili vya persicum, viwili vya graecum, kimoja cha hederifolium kutoka kwa jirani, mbegu 30, na kimoja ambacho aliandika "ya Afrika, mbegu 12", akapiga mistari miwili chini yake.

Kwa hivyo tulijua aina zilizomo katika kibanda, ila hatukujua ni ipi imo katika chungu kipi.

Mama Mkubwa alikuwa bado yumo katika eda. Siku tulipomaliza daftari alinambia:

"Mwanangu, nataka mambo mawili. Kila mtoto wake apewe chungu, na ajue jina la kilichomo. Asiambiwe ua tu. Na kile cha Afrika, nataka kikapandwe juu ya kaburi lake."

"Inshallah, Mama Mkubwa," nikamjibu. "Lakini itachukua miaka."

"Kwani mimi naenda wapi?"

Hapa nieleze kwa nini jambo hili halikuwa dogo. Siklameni ya Afrika ya Kaskazini haistahimili sakitu, ile baridi inayogeuza umande kuwa barafu. Ukiipanda makaburini huku, majira ya baridi ya kwanza makali huiua. Hederifolium, ile ya jirani, haijali baridi ya hapa. Kiazi chake hukua mpaka kikawa kama sahani, na huishi miongo mingi. Na aina hizi mbili ni ndugu wa karibu mno. Maua yao yanakaribia kuwa mamoja, nazo huchanganyika zikipandwa pamoja. Nikichukua chungu kwa kubahatisha, huenda nikamzika mjane wake mara ya pili kwa kumwonyesha ua lililokufa juu ya kaburi la mumewe. Basi nikaazimia kutopanda kitu mpaka nijue.

Sasa nawaeleza namna mtu anavyoijua siklameni, kwa faida ya wale wanaotaka kujaribu.

Mche wa mwaka wa kwanza hausemi kitu. Mbegu ya siklameni haitoi majani mawili kama kunde. Kwanza hujenga kiazi kidogo kama punje ya mtama, ndipo hutoa jani moja tu la mviringo au la umbo la moyo. Aina zote huanza hivyo hivyo. Atakayekwambia ameijua kwa jani hilo la kwanza, msikilize kwa adabu na uendelee na kazi yako.

Mwaka wa pili majani huanza kuzungumza. Ya coum ni ya mviringo kama figo, na ukingo wake ni laini. Ya persicum yana umbo la moyo na vijino vidogo ukingoni. Ya graecum pia yana umbo la moyo, lakini ukingo wake ni mgumu kama pindo lililoshonwa, na juu yake mng'ao wa mahameli. Ya hederifolium yana pembe pembe kama majani ya mtambaa wa ukutani, na ndipo lilipotoka jina lake. Lakini tahadharini na nakshi. Majani ya siklameni yana madoa ya fedha na kijani, na watoto wa kifuko kimoja wanaweza kutofautiana: mmoja wa fedha tupu, mwingine kijani kitupu, wa tatu mwenye pambo la msumeno. Nakshi ni kanga aliyovaa mtu; haikwambii ni mtoto wa nani.

Kiangazi, majani yakisha kukauka, mtu anaweza kufukua kiazi taratibu na kutazama mizizi. Hapo ndipo ushahidi wa kweli ulipo. Coum na persicum hutoa mizizi chini ya kiazi. Graecum nayo hutoa chini, lakini mizizi yake ni minene, ya nyama, kama kamba za nanga. Hederifolium ni kinyume: mizizi yake hutoka juu na ubavuni, na chini ya kiazi ni laini kama chano. Ndiyo maana watu wengi huipanda juu chini wakidhani wameweka sawa. Africanum hutoa mizizi pande zote.

Kisha huja majira ya maua. Coum huchanua katikati ya baridi, kuanzia Januari hivi, wakati hakuna ua jingine bustanini. Persicum ya porini huchanua baridi ikielekea machipuko, nayo hunukia. Hederifolium, graecum na africanum huchanua majira ya kupukutika majani. Na ukilipindua ua ukatazama pale petali zinapokunjika, hizi tatu zina vijisikio viwili kwa kila petali; coum na persicum hazina.

Mwisho ni kikonyo. Ua likisha kushika mbegu, karibu aina zote hujikunja vikonyo vyao kama mkia wa kinyonga, wakivuta kifuko mpaka chini ya majani. Na jina lenyewe la siklameni asili yake ni neno la Kigiriki la duara. Persicum ya porini haijikunji. Kikonyo chake huinama tu mpaka ardhini. Na hili nalo niliseme: jina persicum maana yake ni ya Uajemi, na huko Uajemi haimei porini. Sisi watu wa pwani jambo kama hilo halitushangazi.

Basi tulianza. Majira ya baridi ya 2017 kuingia 2018 vyungu vitatu vilitoa majani ya figo, na Januari kimoja kikachanua ua moja jekundu la zambarau, fupi kama msumari. Hivyo vitatu tukaviandika coum. Machipuko, vyungu viwili vikatoa maua meupe yenye rangi ya waridi ndani ya koo, na kibanda kizima kikanukia, hizo barsikumu. Julai 2018 nilifukua viazi, nikaona kamba za nanga katika vyungu viwili vingine. Hizo gharaikumu, ambazo maua yake yalitungojesha mpaka 2020.

Vikabaki vyungu viwili vyenye majani ya pembe pembe. Kimoja kilikuwa na miche 26, kingine 11. Hapo hesabu za Ami zilitusaidia: miche 26 haiwezi kutoka katika mbegu 12. Basi chenye 11 ndicho alichokipigia mistari miwili.

Mtu angeweza kuishia hapo. Chungu kimejulikana na jina limo daftarini. Lakini daftari lilinambia Ami aliambiwa nini na yule mtu wa mnadani; halikunambia mbegu yenyewe ni nini. Na tayari nilikuwa na shaka, kwa ajili ya baridi ya mwaka ule.

Mtakumbuka mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi 2018, baridi kali iliyotoka mashariki, theluji ikafunga njia hata huku kusini. Kibanda cha Ami hakina moto. Nilipoingia asubuhi, maji ndani ya ndoo yalikuwa jiwe. Nikakitazama chungu cha miche 11. Tisa yalilegea kidogo, na mchana jua lilipopiga yakasimama tena. Mawili yalilala yakawa kama mchicha uliotoka kwenye sufuria. Viazi vyake havikufa, na Septemba vilichipua upya. Lakini tangu siku ile niliyatia mawili hayo kijiti cha alama.

Septemba ya 2018, na tena ya 2019 yalipochanua, nilifanya jambo ambalo wakulima wa siklameni hulitumia kutenganisha ndugu hawa wawili. Niliondoa changarawe ya juu kwa brashi ya kupigia rangi, nikatazama vikonyo vinatokaje kwenye kiazi. Katika hederifolium, vikonyo vya majani na maua hutambaa kwanza chini ya udongo kuelekea pembeni, ndipo vinapinda kiwiko na kupanda juu. Katika africanum hupanda wima moja kwa moja. Tisa yalikuwa na kiwiko. Mawili yalisimama wima, na majani yake yalikuwa makubwa na ya kijani cha kung'aa kuliko wenzake.

Majani, baridi, mizizi na vikonyo vyote vilisema neno moja. Mbegu zilizoitwa za Afrika, tisa katika kumi na moja zilikuwa hederifolium ya kawaida, sawa na ile ya chini ya mti wa jirani. Mbili ndizo zilizoonyesha dalili za Afrika, na hizo nazo huenda zina damu mchanganyiko, kwa kuwa ni wazi mama yao alikua bustani moja na aina ile nyingine.

Nilikwenda kumwambia Mama Mkubwa. Jamaa wawili walinishauri nisiseme. Walisema mwanamke mkubwa, amengoja miaka miwili na nusu, mwambie ndiyo hiyo, nani atajua? Sikuona vyema. Alichokitaka tangu mwanzo ni watoto wajue jina la kilichomo, na jina la uongo atakabidhiwa mtoto, na mtoto atamkabidhi mtoto wake.

Nilimwekea chungu mezani, nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Alisikiliza mpaka mwisho, huku akizungusha chungu.

"Kwa hivyo hawa tisa si wa Afrika."

"Si wa Afrika, Mama Mkubwa."

"Na hawa wawili?"

"Hawa wawili wanafanana nao. Kuapa siwezi."

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Nani kati yao anaiweza baridi?"

"Wale tisa."

"Basi wale tisa wapeleke kwake, wakakae naye. Hawa waoga wawili niachie mimi. Mimi nao tutaogopa pamoja."

Alitaka kuwaweka jikoni. Nikamwomba awaweke katika kile kiukumbi cha kioo cha mlangoni, penye mwangaza na baridi kidogo isiyofika barafu, kwani joto la jikoni nalo huwaua. Wapo hapo mpaka leo. Yeye mwenyewe huwanywesha, kwa kutia maji katika sahani ya chini wala si juu ya kiazi, na mgeni akiuliza huambiwa: hawa labda ni wa Afrika. Neno labda halisahau.

Wale tisa tuliwapanda Oktoba 2019, baada ya kupata ruhusa ya ofisi ya makaburi, kina cha vidole viwili, kiazi laini chini na mizizi juu. Walishika. Kila mwisho wa Agosti maua hutangulia, majani hufuata, na mpaka Mei kaburi lina zulia. Kiangazi hakuna kitu, na mwaka wa kwanza binamu mmoja alinipigia simu kwa huzuni kwamba yamekufa yote. Hayakufa. Yamelala.

Jambo moja sikulitazamia. Mbegu za siklameni zina utamu wa kunata unaowavuta sisimizi. Sisimizi huzibeba mpaka shimoni kwao, hula utamu, na mbegu huiacha palepale. Miaka miwili iliyopita niliona jani dogo la pembe pembe juu ya kaburi la pili, la mzee mmoja wa Kibengali ambaye hatukumjua. Nilimtafuta mwanawe siku ya Ijumaa, nikamuuliza kama nililing'oe. Akasema liacheni, baba yake alipenda bustani. Sasa yapo manne. Vyungu vingine, kama mnavyojua, viligawiwa watoto wa Ami mwaka 2020, kila kimoja na jina lake kwa penseli, upande mmoja herufi za Kilatini, na upande wa pili herufi za Kiarabu kwa mkono wa mpwa wangu, ambaye siku hizi anauliza yeye mwenyewe maana ya kila neno.

Kwa wale wanaotaka mbegu, mimi hukusanya za hederifolium mwezi wa Juni na Julai, kifuko kikilainika na kabla sisimizi hawajanitangulia. Nitakuja nazo katika bahasha kwenye mkutano wetu wa mwisho wa Agosti. Masharti yake ni haya.

Ziroweke usiku mmoja katika maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kisha zisuuze. Changanya mboji na changarawe ndogo, nusu kwa nusu, ili maji yasitwame. Zipande mbalimbali, mbegu na mbegu kiasi cha upana wa kidole, uzifunike kwa changarawe nyembamba. Kisha ziweke gizani mahali pa baridi ya wastani, nyuzi 15 hivi za Selsiasi. Zikizidi 20 mara nyingi mbegu hugoma. Kiambaza cha chini ya ngazi chafaa, juu ya friji hapafai. Baada ya wiki nne mpaka nane tazama. Ukiona vikonyo vya kwanza, vitoe kwenye mwangaza, si kwenye jua kali. Zisizoota usizitupe; nyingine hungoja mwaka mzima ndipo zikaamka. Usiibandue miche mwaka wa kwanza, iache ikae pamoja, na kiangazi cha kwanza usiikaushe kabisa. Maua utayaona mwaka wa pili au wa tatu.

Wenye watoto wadogo na paka, jueni kwamba kiazi kina sumu. Kiwekwe mbali na mikono yao. Na mnaokwenda Uturuki au Kupro kwa mapumziko, mkiziona mlimani zitazameni tu. Viazi vyake vilichimbwa porini kwa wingi mno zamani, na siklameni zote zimo katika orodha ya mkataba wa CITES tangu 1975, kwa hivyo kuvusha kiazi mpakani bila ya karatasi kutakuletea maneno ya forodhani. Anayetaka aina nyingine kwa njia ya halali, kipo chama cha wapenda siklameni hapa Uingereza, The Cyclamen Society, kilichoanzishwa mwaka 1977, nacho huwagawia wanachama wake mbegu.

Atakayechukua bahasha kwangu ataandikiwa jina, mwaka na kaburi zilikotoka mbegu. Namwomba naye, akimpa mwingine, aandike vivyo hivyo. Na akiwa na shaka aandike labda. Mama Mkubwa anawasalimu nyote, na anasema mwenye kuja na asisahau kumletea penseli.